Maji ya Tangi la Samaki Yageukapo Kijani

Jioni moja mke wa konstebo mmoja, jirani yetu wa upande wa Luzira, alinijia nyumbani akiwa na chupa ya soda iliyojaa maji. Ukiyaelekeza kwenye taa yalikuwa ya kijani, mithili ya maji yaliyochemshiwa mboga. Baada ya kuamkiana alisema, "Mzee, hii ni mara ya nne mwezi huu nabadilisha maji ya samaki wa watoto. Siku nne hazipiti yanarudi vivi hivi. Baba watoto anasema mjini kuna dawa ya unga. Nikanunue ipi?"

Nilimwomba asinunue kitu kwanza. "Niambie, mwanangu, maji yenyewe unayapata wapi, na hao samaki wanakula nini?"

Alishangaa kidogo, maana alikuja kuuliza dawa wala hakuja kuulizwa maswali. Hata hivyo alijibu yote. Tangi lake ni la kioo, nalo huingia madumu manne ya lita 20, yaani lita 80. Samaki ni nkejje 12, wale wadogo wa Ziwa Viktoria ambao ndugu zetu wa Mwanza huwaita furu, walionunuliwa kwa mvuvi wakiwa hai. Chakula chao ni mukene waliosagwa, na watoto hushindana kuwapa. Kila juma yeye hutoa dumu moja la maji ya kijani na kutia dumu moja la maji mapya. Maji hayo mapya huletwa kutoka ziwani, kwa sababu mumewe aliambiwa na wenzake kazini kwamba samaki wa ziwa hupenda maji ya ziwa.

Ndugu msomaji, katika majibu hayo ugonjwa wote ulikuwa umekwisha kujieleza, isipokuwa sehemu moja ambayo mimi mwenyewe niliisahau, na ambayo nitaieleza baadaye.

Rangi ile ya kijani ni mwani, yaani mimea midogo mno isiyoonekana kwa jicho ila ikikusanyika kwa mamilioni. Kama yalivyo mahindi ya shambani, mwani huhitaji mwanga na chakula. Wataalamu wamepima wakaona kwamba, kwa wastani, mwani hujijenga kwa atomu 106 za kaboni, 16 za nitrojeni, na moja tu ya fosforasi. Kaboni huingia majini kutoka hewani. Nitrojeni nayo, ziko aina za mwani ziwezazo kuichukua hewani. Fosforasi haina mlango huo. Ndiyo maana hiyo moja, ijapokuwa ni chache kuliko zote, aghalabu ndiyo itoayo amri: ikikosekana mwani husimama, ikizidi mwani hutamalaki. Majini huwa katika hali ya chumvi iitwayo fosfeti, ambayo haina rangi wala harufu ya kumwonya mtu.

Jambo hili lilidhihirishwa mwaka 1973 huko Ontario, nchini Kanada. Mwanasayansi David Schindler na wenzake walichukua ziwa dogo lililobanwa katikati kama namba nane, wakaligawa kwa pazia la plastiki. Upande mmoja walitia kaboni na nitrojeni. Upande wa pili walitia hivyo viwili pamoja na fosforasi. Upande wa kwanza haukubadilika sana, na wa pili uligeuka kijani hata picha iliyopigwa kutoka angani ikaonyesha wazi mpaka wa pazia. Wakati huo watengenezaji wa sabuni za unga zenye fosfeti nyingi walikuwa wakibisha kwamba sabuni yao haina hatia, na picha ile ilikuwa jibu ambalo hata asiyesoma aliweza kulielewa.

Sasa turudi kwenye tangi letu la lita 80 tupige hesabu kidogo. Katika gramu 100 za chakula kikavu cha samaki huwamo fosforasi kiasi cha gramu moja au zaidi, na mukene, kwa kuwa husagwa pamoja na mifupa, hushinda kiasi hicho. Tuseme watoto hutia gramu moja tu kwa siku. Hiyo ni miligramu 10 za fosforasi, ambazo zikigeuka fosfeti huwa kama miligramu 30. Kwa juma zima ni 210. Zigawe kwa lita 80, utapata zaidi ya miligramu mbili na nusu katika kila lita.

Mama huyu hutoa dumu moja kati ya manne. Robo ya maji hutoka na robo ya fosfeti, na robo tatu hubaki zikingoja chakula cha juma lijalo. Hivyo fosfeti hupanda juma kwa juma mpaka ile robo inayotolewa ilingane na ile inayoingia, yaani karibu na miligramu 10 kwa lita. Nakiri kwamba hesabu hiyo ni ya juu kabisa, kwani sehemu nyingine huwa nyama ya samaki, nyingine humezwa na mwani wenyewe, na nyingine hujificha chini. Lakini mwani huweza kustawi hata fosfeti ikiwa sehemu moja ya kumi ya miligramu. Na katika kuhesabu tumechukulia kwamba dumu linaloingia ni safi. Je, lilikuwa safi?

Mumewe alinunua kipimo kidogo cha matone katika duka la vifaa vya samaki mjini. Unatia maji katika kichupa, unadondosha dawa, unangoja dakika chache. Fosfeti ikiwamo, maji hugeuka buluu, na kadiri inavyozidi ndivyo buluu inavyokoza. Tulipima maji ya aina tatu juu ya meza yangu. Maji ya bomba yalibaki karibu meupe. Maji ya dumu la ziwani yaligeuka buluu kabla hayajaingia kwenye tangi. Ya tangi yalikuwa ya buluu ya wastani tu, na mama akafurahi akadhani tangi lake si baya sana. Hapo ndipo wengi hudanganyika. Kipimo hiki huhesabu fosfeti iliyo huru majini, wala hakihesabu ile iliyokwisha kuliwa na mwani. Tangi la kijani kibichi huweza kuonyesha fosfeti kidogo kwa sababu ile ile ambayo sahani tupu huonyesha kwamba watu wamekula.

Kwa nini maji ya ziwa yawe na fosfeti? Yampasa msomaji akumbuke dumu lile lilitekwa wapi. Halikutekwa katikati ya Ziwa Viktoria, lenye eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800. Lilitekwa ukingoni mwa Ghuba ya ndani ya Murchison, ambayo ndiyo beseni la kunawia mikono la mji wa Kampala. Mfereji wa Nakivubo huanza katikati ya mji, hupita kando ya masoko na viwanda, hupokea maji ya mvua pamoja na taka za vyoo vya mabondeni, halafu huingia katika kinamasi cha Nakivubo na kutokea ghubani. Mtu mzima mmoja, kwa mkojo na choo, hutoa fosforasi kiasi cha gramu moja au zaidi kidogo kwa siku. Hiyo ni sawa na chakula cha siku mia moja cha nkejje wetu 12. Zidisha kwa watu wa bonde moja tu, nawe utaelewa dumu lile lilikuwa limebeba nini. Ongeza sabuni za unga, udongo unaosombwa na mvua kutoka mashambani, na majivu na vumbi la nyasi zinazochomwa, ambavyo upepo huvitupa ziwani.

Zamani mafunjo ya kinamasi kile yalikuwa yakipunguza sana mzigo huo. Mizizi yao hufyonza, na matope kati ya mizizi hukamata. Lakini reli ya kwenda Port Bell hukikata kinamasi vipande viwili, na katika kipande cha juu watu walikata mafunjo wakapanda magimbi na miwa, wakachimba mitaro ili wakaushe mashamba yao. Maji yakipata mtaro hayazunguki tena kwenye mizizi, bali hukimbia moja kwa moja. Sisemi haya kuwalaumu wenye magimbi, maana wengi ni akina mama wanaolisha watoto. Lakini mwaka 1999 wataalamu waliokadiria thamani ya kinamasi hicho waliona kwamba kazi yake ya kusafisha maji taka, pamoja na mazao yake, ilifikia zaidi ya dola milioni moja za Marekani kwa mwaka. Ni mfanyakazi asiyelipwa mshahara, na hata hivyo tumempunguzia nguvu.

Katika ghuba hiyo hiyo, huko Gaba, ndiko maji ya bomba ya Kampala yamekuwa yakivutwa tangu karibu mwaka 1930. Mitambo ya kwanza ilifuatwa na mingine, na ule wa tatu ulikamilika mwaka 2007. Kadiri mwani ulivyozidi, ndivyo dawa za kusafishia na gharama zake zilivyozidi, na miaka ya karibuni mtambo mkubwa mwingine ulijengwa mbali, huko Katosi, wilayani Mukono. Jambo la kuangaliwa na mwenye tangi ni kwamba shabu itumikayo mitamboni kugandisha uchafu hushika pia fosfeti na kuishusha chini. Ndiyo sababu maji ya bomba yalibaki karibu meupe juu ya meza yangu, ijapokuwa yalitoka katika ziwa lile lile.

Hapa niwaache samaki kidogo, maana ziko familia zetu, hasa za askari wa majini na za wavuvi, ambazo bomba likikauka huteka ziwani. Mwani unaotanda juu ya ghuba kama rangi ya kupakia ukuta, wenye kijani cha kuelekea buluu, aghalabu ni wa aina iitwayo Microcystis au jamaa zake. Kwa kweli ni bakteria waishio kama mimea, na baadhi yao hutengeneza sumu inayodhuru ini. Kipimo cha Shirika la Afya Duniani kwa sumu yake mashuhuri katika maji ya kunywa ni mikrogramu moja tu kwa lita. Akina mama wengi huamini kwamba kuchemsha humaliza kila kitu. Kuchemsha huua vijidudu vya kipindupindu na vya kuhara, nako ni lazima, lakini sumu hii haiondoki kwa moto. Na zile chembe zikipasuka motoni humwaga sumu iliyokuwa ndani yao. Maji yenye utando wa kijani yasinywewe wala yasipikiwe, hata yakichemka saa nzima. Mtoto naye asiogeshwe kwayo.

Nkejje nao wana lao. Majike ya baadhi ya aina zao huchagua mume kwa rangi, hili likimtaka mwekundu na lile likimtaka wa buluu. Mwaka 1997 mtaalamu Ole Seehausen na wenzake, waliofanya utafiti upande wa Mwanza, walitangaza kwamba maji yakifuka giza majike hushindwa kupambanua rangi, na aina zilizokuwa mbali mbali huanza kuchanganyika. Watu huzoea kumtwika sangara peke yake lawama ya kutoweka kwa nkejje wengi katika miaka ya 1980. Sangara alikula sana, hilo halina ubishi, lakini maji ya kijani nayo yalichangia.

Basi tulifanya nini? Kwanza dumu la ziwani lilikomeshwa. Badala yake mama alianza kukinga maji ya bomba katika beseni pana na kuyaacha wazi siku nzima, ili klorini ipungue, kwani klorini huwaunguza samaki mashavu. Aliniuliza kuhusu maji ya mvua. Yanafaa, lakini manyunyu ya kwanza baada ya kiangazi yaachwe yapite, kwa kuwa huosha vumbi na mavi ya ndege juu ya bati, navyo vimejaa fosfeti.

Pili ilikuwa chakula, na hapo palikuwa na vita, kwa sababu watoto watatu walikuwa wakilisha mara tatu kila mmoja. Hesabu yangu ya gramu moja kwa siku ilikuwa ya heshima tu! Baba mtu alipanga zamu kama za lindo: mtoto mmoja kwa siku moja, mara moja, kiasi kinachokwisha ndani ya dakika mbili, na Jumapili samaki wafunge. Mukene wakapepetwa kwanza ili unga usiodakwa na samaki usiingie. Ukikata chakula kwa nusu, kile kiwango cha mwisho tulichokihesabu nacho hushuka kwa nusu, na hakuna dawa ya dukani iwezayo kukupa hivyo bure.

Tatu tulitazama palipofichika. Nyuma ya jiwe alikutwa nkejje mmoja aliyekufa, amebaki mifupa. Sponji ya pampu ilikuwa imejaa mavi ya samaki. Watu wengi huona maji yanayopita humo yakitoka meupe wakasahau kwamba uchafu uliokamatwa bado umo ndani ya tangi, ukioza. Sponji hiyo isioshwe kwa maji ya bomba wala sabuni, bali isuguliwe katika maji yaliyotolewa tangini, ili bakteria wema wakaao humo wasife. Tangi lenyewe liliondolewa dirishani.

Nisisitize pia mambo yasiyosaidia. Kufunika tangi kwa blanketi siku tatu hufanya mwani ufe, na kwa macho maji hung'aa. Lakini mwani uliokufa huoza na kurudisha fosfeti yote ukipofunuliwa. Konokono hula ukungu wa kiooni, kisha huutoa kama mavi. Hajapunguza kitu ila amekihamisha. Mimea ya majini husaidia kweli, kwa sharti kwamba uipunguze na kuitoa nje ya tangi, maana fosforasi huondoka ndani ya majani yaliyokatwa. Ila mimea hiyo, na samaki usiowataka, visitupwe ziwani kamwe. Gugu maji lilitoka Amerika ya Kusini likitembezwa kama ua la bustani, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1980 lilikuwa katika maziwa yetu, ambako baadaye liliziba bandari.

Juma la pili maji yalikuwa yameanza kupungua rangi. Juma la tatu mama alirudi kwangu uso umemshuka. Alikuwa ametoa madumu mawili kwa mpigo, akapima jioni akakuta buluu hafifu kabisa, na asubuhi ya pili buluu ikawa imerudi ingawa samaki hawakuwa wamelishwa. "Mzee," akasema, "nani anaitia usiku?"

Hii ndiyo sehemu niliyoisahau. Mchanga na mawe ya tangi, katika miezi yote ile, vilikuwa vimejiwekea akiba. Maji yalipokuwa na fosfeti nyingi viliifyonza, na maji yaliposafishwa vikaanza kuirudisha. Ziwa nalo hufanya vivyo hivyo. Kwenye matope ya chini fosfeti hushikwa na chuma, chuma kile kile kiufanyao udongo wetu wa Kampala kuwa mwekundu. Oksijeni ikiwapo, kifungo hukaza. Ikimalizwa na uozo, chuma hulegea na fosfeti hupanda tena juu. Kwa hiyo hata mfereji ungezibwa leo, ghuba ingekaa miaka ikilipa madeni ya zamani.

Wale wachache wafugao samaki wa bahari pamoja na matumbawe, kwa maji ya chumvi iliyonunuliwa, hili huwatesa kuliko wote. Maji ya miamba ya matumbawe huwa na fosfeti chini ya sehemu moja ya kumi ya miligramu kwa lita, na ikizidi sana tumbawe hushindwa kujenga vizuri mifupa yake ya chokaa. Mawe wayatumiayo ni ya chokaa, nayo ni mabingwa wa kuficha akiba. Wao hutumia chembe za kutu ya chuma zilizotengenezwa kwa kazi hiyo, zikiwekwa katika mfuko ambamo maji hupita, na huzitupa zikishiba. Lakini hawashushi kwa ghafula wala hawashushi mpaka sifuri, kwa kuwa tumbawe nalo lina mwani mwema ndani ya mwili wake, na huo nao hula. Konstebo wetu aliposikia habari ya kutu aliuliza kama atie maramu ya barabarani. Nilimkataza, ingemletea matope mekundu mahali pa maji ya kijani.

Kwa tangi la nkejje tuliona inatosha kufyonza mchanga kwa mpira kila Jumamosi, robo ya tangi kila mara, na kuvumilia. Mawe mawili yaliyokuwa na utelezi yalitolewa. Ilichukua majuma tisa kabla kipimo hakijaacha kupanda asubuhi, na siku hizi ukisimama mlangoni unaona dume moja la buluu likimfukuza mwenziwe kuzunguka jiwe lililobaki.

Swali lake la mwisho lilikuwa juu ya yale maji machafu ya Jumamosi, kwa kuwa mtaro wa nyuma ya nyumba yao huteremka mpaka ghubani. Sasa huyabeba na dumu, huyamwaga kwenye mashina ya migomba miwili iliyo kando ya kamba ya kuanikia nguo, na majirani wameanza kumwuliza anaweka mbolea gani.